Neno Moja la Mama Mkwe

Machi 11
Daktari wa mazoezi ametupa kazi. Kasema tununue daftari, tuandike kila neno mama analosema, na alikuwa anataka nini aliposema. Baba Ritha kanunua daftari kubwa, kanikabidhi mimi. Mama ni wake, mwandishi ni mimi.
Neno la leo: na.

Machi 12
Na.

Machi 13
Na. Mara kumi na nne, halafu nikachoka kuhesabu.

Machi 15
Kwa kuwa neno ni moja na kurasa ni nyingi, nitaandika na mengine.

Mama mkwe wangu, Mama Anaeli, alipigwa na kiharusi mwezi wa pili huko kwao mlimani, Kirua Vunjo. Mkono wa kulia hauinuki, mguu wa kulia anauburuza, na maneno yote yamemtoka isipokuwa hilo moja. Shemeji Anaeli, mwanawe mkubwa, ana nyumba Mbezi yenye vyumba ambavyo havijawahi kulaliwa. Lakini mama kaletwa hapa kwetu Kariakoo, ghorofa ya tatu isiyo na lifti, eti ni karibu na kliniki. Wapagazi wawili walimpandisha na kiti chake. Shemeji kasema ni mpaka masika yaishe, kisha atamrudisha Kirua akakae na msichana wa kazi.

Basi mie nasubiri masika yaishe. Naandika ukweli, maana daftari hili hakuna atakayelisoma zaidi ya daktari, na daktari mwenyewe hana muda.

Machi 19
Mvua tangu alfajiri. Maji ya mtaani yamefika kizingiti cha duka langu hapo chini.

Asubuhi mama alikuwa anasema "na, na, na" huku anatazama kikombe. Nikamletea maziwa, akasema na. Nikaondoa maziwa, akasema na. Bi Kusum wa ghorofa ya pili, Mhindi aliyezaliwa jengo hili hili, alikuwa amepanda kumjulia hali. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akasikiliza kama dakika tano. Kisha akasema, "Evarista, binti yangu, mbona mnamsumbua? Anakataa. Sisi kwa Kigujarati 'na' ni hapana."

Nikamwambia mama mkwe hajui Kigujarati hata cha kuombea chumvi.

"Nani ajuaye ugonjwa unakwenda kuokota wapi," akasema Bi Kusum.

Nimecheka peke yangu jikoni. Halafu nikaacha kucheka, maana kweli maziwa hakunywa.

Machi 20
Na.

Machi 22
Mbele ya duka langu la vifungo, zipu na uzi anakaa fundi Pantaleo na cherehani yake. Ni Mmakonde wa upande wa Msumbiji, amesoma Kireno mpaka darasa la saba. Nimempa habari ya Bi Kusum. Akasimamisha cherehani.

"Hapana gani, dada? Kireno 'na' ni 'ndani ya'. Na casa, ndani ya nyumba. Mama yenu anawaambia yuko ndani, anataka kutoka nje."

Mteja wangu wa Kinshasa, Mama Bijou, aliyekuwa anachagua lesi, akadakia kwamba Lingala nayo iko hivyo. Na ndako, nyumbani. Na zando, sokoni. Kwake yeye mama anataja mahali, ila mahali penyewe pamemkwama kooni.

Jioni nikamuuliza Baba Ritha, Kichagga je? Akasema 'na' ni 'na', kama Kiswahili tu. Kimwera chetu cha Ndanda nacho ni vilevile. Kwa hiyo kwa watu wanaomhusu kabisa mama, neno lake halina kitu. Ni la kuungia, linangoja lingine lije.

Machi 23
Nimemtoa mama roshani akaone mtaa. Hakutazama mtaa. Alinitazama mimi.

Machi 28
Mchina anayetuletea zipu, yule aliyejipa jina Hamisi, naye kaingia kwenye kesi. Kasema kwao 'na' akilipandisha sauti ni chukua, akilishusha ni kile, akilipindapinda ni kipi. Akanitamkia yote matatu. Mie niliyasikia kama neno moja.

Nimepanda juu, nimekaa miguuni kwa mama, nikamwambia haya, sema. Akasema na. Haki ya Mungu sijui kama alipandisha au alishusha. Kichwa kinaniuma na chakula sijapika.

Aprili 3
Ijumaa Kuu. Shemeji Anaeli amekuja na familia. Akainama mbele ya mama, akamuuliza kwa sauti kubwa kana kwamba ni kiziwi: "Mama, unataka kurudi nyumbani Kirua?"

"Na," akasema mama.

"Mnaona? Anataka," akasema shemeji.

Mimi mwenye hamu ya mama aondoke nilipaswa kunyamaza. Sijui nini kilinisukuma. Nikasema, "Shemeji, kuna lugha hilo ni hapana."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Lugha ya nani, shemeji? Mama yangu ni Mchagga."

Baba Ritha akaniomba nikaongeze chai.

Aprili 6
Jumatatu ya Pasaka. Dereva wa shemeji kashuka kutoka Kirua na mkungu wa ndizi mshare, maziwa ya kuganda, na kopo la rangi lenye mmea uliong'olewa pembeni ya mlango wa mama. Majani marefu, ya kijani, yenye ncha. Wamemletea asisikie ukiwa. Mama alipoliona kopo alilia, na mie nikaliweka karibu na kiti chake. Nikajiambia leo nimekuwa mkwe mwema.

Aprili 8
Na.

Aprili 9
Leo mama kachuma jani moja kwa mkono wa kushoto, kaniwekea mapajani. Nikasema asante mama, nikaliweka juu ya friji.

Aprili 10
Kachuma tena. Nimempa Ritha akachezee.

Aprili 13
Tena. Safari hii aliliweka juu ya sahani yangu ya wali. Nikamwambia Baba Ritha, mama yako anachuma majani hovyo, mwisho atayala. Alikuwa anakimbilia kazini Posta. Akasema mwache achume, anajifurahisha.

Mimi sioni furaha. Akinipa lile jani macho yake yanakuwa mekundu.

Aprili 14
Mvua. Umeme umekatika mara tatu. Jani tena. Nimelitupa kwenye ndoo ya taka, naye akaniona.

Aprili 16
Leo naandika mengi. Daktari kurasa hizi azivuke.

Tarehe ya leo, miaka kumi na moja iliyopita, alikufa Ignasi wangu. Alikuwa na miezi minne. Homa ya siku mbili tu. Wakati huo mimi na Hillary, huyu huyu Baba Ritha, tulikuwa tunaishi pamoja, mahari haijapelekwa na kanisani hatujafika. Hillary alitaka mtoto akazikwe Kirua, kwenye kihamba chao, shamba la ukoo walikolala babu zake wote. Shemeji Anaeli akapiga simu kwa mama. Kisha akaja kunisimamia mlangoni, akasema, "Mama amekataa. Anasema mtoto si wa ukoo, mzike kwenu."

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, hilo lisingekuwa tabu. Mama yangu mzazi alisema mlete mjukuu wangu Ndanda. Lakini yalikuwa masika kama haya, barabara ya kusini imekatika, magari yamelala njiani siku ya tatu. Mlimani wamekataa, kusini hakupitiki. Tukamzika Kinondoni, watu tisa, kwenye tope.

Baadaye mahari ilipelekwa, ndoa ikafungwa, Ritha akazaliwa, na mama akaja kumwona na pombe ya mbege na ndizi na kanga mbili. Neno la Ignasi hakulitia mdomoni hata mara moja. Nami sikulitaja. Nilimwita mama, nikampikia mtori, nikamtandikia. Lakini moyoni sikumsamehe, na leo wakati namwogesha nilikuwa bado sijamsamehe.

Nilipokwisha kumvika akanyosha mkono kwenye kopo. Akachuma. Akanisogezea lile jani, "na, na," mate yanamtoka. Nikapandwa na hasira ambayo sijui ilikuwa imejificha wapi. Nikalinyakua nikalitupa dirishani. Nikamwambia, "Leo si siku ya michezo, mama. Unajua leo ni siku gani? Hujui. Hukuwahi kutaka kujua."

Kisha nikabeba kopo lote, nikashuka nalo dukani, nikaliweka nyuma ya mlango. Niliporudi alikuwa amegeukia ukuta. Nimemwonea huruma, kisha nikaikasirikia huruma yenyewe.

Aprili 17
Mama hakula.

Aprili 18
Hakula. Amekunywa maji vijiko sita. Hasemi hata lile moja.

Aprili 20
Daktari kaja. Kasema pressure iko sawa, kifua kiko sawa. Kauliza, kuna jambo limemuudhi? Baba Ritha akasema hapana. Mimi nikatazama dirisha.

Aprili 22
Uji kidogo, kwa mkono wa Ritha. Kwangu hafungui mdomo.

Aprili 24
Jangwani imejaa maji, barabara imefungwa, mabasi ya mwendokasi hayaendi. Dada Celina, anayeuza ndizi sokoni na kulala Magomeni, hakuwa na njia ya kurudi. Ni Mchagga wa Kilema, amenizidi miaka kama ishirini. Akaingia dukani na mfuko wake wa nailoni kichwani kujikinga na mvua. Nikampa kiti akae.

Akajikung'uta, akageuka, akaona kopo nyuma ya mlango.

"Isale hili la nani?"

"Ni ua la mama mkwe. Nililishusha, alikuwa anachuma majani."

"Anachuma anapeleka wapi?"

"Ananipa mimi. Kila siku, kama mtoto."

Celina akaweka mfuko chini. "Anakupa wewe mkononi? Kwa heshima, au anakurushia?"

"Ananipa tu, dada. Mapajani, kwenye sahani. Mara nyingine analia."

"Umelipokea?"

"La kwanza liko juu ya friji. Mengine nimetupa."

Akavuta kiti akanikaribia. Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. Mchagga akikukosea kosa lisilobebeka, kosa ambalo maneno yake hayatoshi, anakujia na isale. Hana haja ya kusema. Hata mtu aliyekuulia mwanao akikuletea isale huwezi kumfukuza. Jani hilo halikataliwi. Tangu ameolewa, akasema, hajasikia hata mtu mmoja aliyelikataa.

"Ulilitupa mbele yake?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Wateja wawili walikuwa wamesimama wanangoja vifungo.

Aprili 25
Sijalala vizuri. Asubuhi nikamvaa Baba Ritha kabla hajavaa viatu. "Uliishi na masale mlangoni kwenu tangu kuzaliwa. Ulishindwa nini kuniambia?"

Akakaa kitandani. "Uliniambia majani, Mama Ritha. Hukusema ni yapi. Na hukusema anakupa wewe, ulisema anachuma."

Kweli nilisema hivyo.

"Anakuomba nini?" akauliza, na jibu analijua. Akafunika uso kwa mikono. Ni mara ya kwanza tangu Kinondoni namwona analia.

Mchana nimelirudisha kopo. Nikapiga magoti mbele ya mama, nikanyosha mikono yote miwili. Alilitazama kopo. Akanitazama. Akafumba macho.

Aprili 26
Nimenyosha mikono. Hakuna.

Aprili 27
Hakuna.

Aprili 30
Nimempelekea Celina swali sokoni: je, naweza kulichukua mwenyewe, nikalipokea kwa niaba yake? Kasema huwezi kujiombea msamaha wa mtu mwingine. Sharti mama atoe. Nikamuuliza, na kama hatatoa tena? Akanipunguzia bei ya ndizi.

Mei 4
Mama anakula kwangu tena, nusu sahani. Neno limerudi. Na, saa mbili, nikimchana nywele. Sijui kama alikuwa ananikataa kama Wagujarati au ananitaja mahali kama Mama Bijou. Nilitamani lingekuwa lolote kati ya hayo. Siku hizi naogopa liwe 'na' ya kwetu, ya mtu aliyeshindwa kumalizia.

Nimemwambia pole kwa siku ile ya dirisha. Sikumwambia zaidi, maana zaidi nilikuwa sina.

Mei 9
Mvua ya manyunyu tu.

Mei 12
Jua nusu siku. Wachuuzi wametandaza tena nguo chini. Zamani siku kama hii ningefurahi.

Mei 15
Najiuliza namtakia abaki au namtakia atoe jani aende zake. Asubuhi nasema hivi, jioni nasema vile. Bi Kusum kaniambia, "Wewe ndiye umepata kiharusi sasa." Hakukosea sana.

Mei 18
Shemeji kapiga simu. Masika yamekwisha. Jumamosi asubuhi analeta gari, mama anaenda Kirua. Msichana wa kazi keshapatikana. Nikamwambia Baba Ritha aseme neno. Akasema kaka ndiye mkubwa, akishaamua ameamua. Nimemkasirikia mpaka nikashindwa kula.

Mei 21
Hakuna.

Mei 22
Nimefungasha nguo za mama. Hakuna.

Mei 23
Shemeji Anaeli alifika saa moja na nusu, na dereva, na wapagazi wawili wa kubeba kiti. Mama alikuwa amevaa gauni la bluu, kilemba nimemfunga mimi.

Nikawaomba wapagazi wangoje mlangoni. Nikabeba kopo, nikaliweka juu ya mapaja ya mama, nikapiga magoti chini. Shemeji akauliza kulikoni, gari liko katikati ya mtaa. Baba Ritha akamshika mkono, akamwambia, "Kaka, subiri." Sijawahi kumsikia akimwambia kaka yake hivyo.

Nikasema, "Mama, siku ile sikujua. Sasa najua. Mikono yangu hii hapa."

Mkono wake wa kushoto ukapanda, ukashika jani, ukavuta. Halikukatika. Nilitaka kumsaidia, nikakumbuka maneno ya Celina, nikashika kopo tu lisianguke. Akavuta tena. Likachanika kwa urefu, kipande kikabaki kwenye mti, kipande kikaja. Akakiweka viganjani mwangu. Mdomo wake ulikuwa unahangaika na hakutoa sauti yoyote.

Nikamwambia, "Nimelipokea, mama." Nikamwambia pia kwamba uchungu bado upo, kwamba nisimdanganye, ila kuanzia leo simdai. Akaweka kiganja chake kichwani kwangu, kizito, hakukiondoa. Nililia kilio cha miaka kumi na moja mbele ya wapagazi.

Nilipoinuka shemeji alikuwa ametazama sakafu. Nikajua nikimwacha apumue ataagiza kiti kibebwe. Nikachuma jani jingine, zima, nikamwendea, nikalishika kwa mikono miwili.

"Shemeji, mama abaki kwangu."

Akarudi nyuma hatua moja. "Nani kakufundisha hili?"

"Muuza ndizi."

"Unajua si la mchezo."

"Najua. Najua pia halikataliwi."

Aliangalia mama yake, akaangalia ndugu yake, akaliangalia jani. Ni mtu mwenye maduka matatu mtaa wa nyuma, hajazoea kubanwa kwenye kona. Nilidhani atanitukana. Akanyosha mkono akalichukua, akakaa juu ya begi la nguo nililofungasha.

Akasema, "Mie ndiye niliyekuja kukuambia. Mlangoni."

"Ndiyo."

"Sikuuliza mlimzika wapi."

"Kinondoni."

"Aliitwa nani?"

Miaka kumi na moja, baba yake mkubwa, na jina hakulijua. Nikamwambia, Ignasi.

Akasimama, akachukua kopo la masale, akawaambia wapagazi, "Mshusheni mama. Tunaenda Kinondoni."

Kaburi la Ignasi ni dogo, msalaba wa chuma, naijua njia hata nikifumba macho. Gari lilifika karibu, mlango ukafunguliwa ili mama aone. Shemeji akaazima jembe kwa mlinzi, akachimba mwenyewe na viatu vyake vya ngozi, udongo bado umelowa. Masale yakapandwa upande wa kichwani, kama wanavyopanda kwao kwenye kihamba. Kisha akainama kusoma msalaba.

"Mbona jina la ukoo halipo?"

"Hamkunipa," nikasema.

Akaenda getini kwa yule fundi anayeandika misalaba, akarudi naye na kopo la rangi nyeupe na brashi. Akamtajia herufi moja moja. Ignasi Hillary Mlay. Mama alitazama kutoka kwenye kiti cha gari, shingo imenyooka, mpaka fundi akaandika herufi ya mwisho na kufuta brashi kwenye majani.

Tukangoja rangi ikauke, halafu tukamrudisha mama nyumbani kwetu Kariakoo.